Mbwa Aliyeachwa Kwenye Foleni ya Sukari

Mimi sijui kutunga. Hata barua za kwenda kwetu Masasi aliniandikia mke wangu. Kwa hiyo haya ni yaliyotokea, uani kwetu, mtaa wa Gerezani, na wala si usiku kama mnavyotarajia. Ilikuwa alasiri, jua linawaka, watu wanafua.

Ilikuwa miaka ile ya foleni. Wenzangu mnakumbuka: unaweka jiwe lako mbele ya duka la ushirika, unaenda kazini, ukirudi jiwe limekushikia nafasi. Hakuna aliyethubutu kulisogeza. Siku moja nyuma yangu alisimama mama mmoja, kajifunika khanga mpaka kwenye nyusi. Badala ya jiwe alikuwa na mtoto wa mbwa, mweusi.

"Ndugu, nishikie nafasi, narudi sasa hivi," akasema, akamweka miguuni pangu, akaondoka. Hakurudi. Sukari ikaisha, watu wakatawanyika. Nikamwonea huruma yule mbwa, nikambeba kwenye kikapu.

"Umefuata sukari unaniletea mbwa!" alisema Somoe, mke wangu.

Alikuwa na mimba ya tatu, ya miezi minane. Mbili za kwanza ziliharibika, na sikutaka apate mshtuko wowote. Kilichomtuliza ni sungura wake, tuliyemwita Balozi kwa sababu hakuna mgeni aliyepita uani bila yeye kumkagua. Mbwa akimrarua Balozi, nitamwambia nini mke wangu?

Nikamuuliza jirani yetu, Baba Aika, aliyekulia Kilimanjaro na mbwa na sungura. Akanifundisha: mfunge mgeni kamba, mwenyeji ale kwanza, mgeni akae nyuma yake hadi azoee kwamba yeye ni wa pili. Nikafanya hivyo kila siku, fimbo mkononi.

Sasa sikilizeni. Balozi hakukimbia. Hakumtazama hata kidogo. Alikula mchicha wake, kisha akamsugulia yule mbwa kidevu kichwani, kama alivyozoea kuusugua mguu wa kigoda na mtungi wa maji. Mbwa katulia, kimya. Baba Aika akacheka, "Wameshapatana hao!" Nami nikafurahi. Somoe peke yake aliguna. "Sungura gani asiyeogopa mbwa?"

Basi alasiri ile niliyoitaja, Somoe amekaa kwenye mkeka, Balozi yuko mbele yake, mbwa nyuma ya Balozi kama tulivyomzoeza. Tukasikia hodi. Alikuwa yule mama wa foleni. Nani alimwonyesha nyumba? Hapo Balozi akapiga mguu wa nyuma chini, pu! kama sungura anavyofanya akihisi hatari. Kwa mbwa hakuwahi kufanya hivyo.

"Nimefuata nafasi yangu," mama akasema, macho yake yakiwa kwenye tumbo la mke wangu.

Nikajikaza, "Mama, mbwa wako huyu, mchukue." Nikainama kumnyanyua. Nilichokinyanyua, wallahi, kilikuwa jiwe. Jiwe jeusi la foleni, kamba yangu imelizunguka. Kumbe siku zote hizo Balozi alikuwa akisugua kidevu kwenye jiwe, na mimi nimesimama na fimbo nalilinda.

"Lirudishe," mama akaniambia. "Liko nyuma ya nani?"

Aliyejibu ni Somoe, mkono tumboni, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwatolea wachomekeaji wa foleni dukani: "Nyuma ya sungura. Subiri zamu yako!"

Mama akamtazama Balozi. Akajifunga khanga vizuri. "Haya," akasema. "Nitasubiri." Akatoka, na mlangoni hatukusikia nyayo.

Binti yetu alizaliwa salama. Jiwe tuliliacha palepale, na tangu hapo hatujakosa sungura mbele yake. Mmoja akizeeka, mwingine keshaletwa. Majirani wanasema nawapenda sana. Siwapendi, wananuka. Lakini alasiri nyingine sungura hupiga mguu chini bila sababu, na mimi na Somoe tunaangalia mlango.

Sasa binti yetu naye ni mjamzito, anaishi Ilala. Nimempelekea sungura, anacheka, anasema anachohitaji ni mbwa kwa ajili ya wezi. Sikumkataza. Nimemwambia kama ninavyowaambia ninyi: mkutanishe na sungura kwanza. Sungura akikimbia, mshukuru Mungu, umeleta mbwa.