Pasi ya Mkaa na Gari la Hewa Safi

Mume wangu ni dobi, na kifua chake ni kibovu. Miaka nenda rudi alipiga pasi ya mkaa, anameza moshi, mpaka daktari akamwambia wazi: mkaa basi, la sivyo utakufa. Tukajinyima, tukanunua pasi ya umeme. Kikohozi kikapungua, na mimi nikaanza kupata usingizi.

Kisha serikali ikatangaza ruzuku: ukinunua gari la umeme, sehemu ya bei inalipwa na serikali yenyewe. Eti kwa ajili ya afya za wanyonge. Lo! Mnyonge gani huyo ananunua gari? Aliyelipata ni jirani yetu wa ghorofani, mkubwa wa wizara, na magari anayo tayari. Mwenye nacho huongezewa. Pesa zenyewe ni kodi zetu, hata ya sabuni anayofulia mume wangu. Mtaani tukambandika jina: Hewa Safi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: gari lenyewe zuri, halitoi hata moshi. Ila likichomekwa tu, umeme wa mtaa mzima unafifia. Pasi inabaki vuguvugu, hainyooshi hata leso. Nikamfuata, nikamwomba kwa adabu achaji usiku, watu wakishalala.

"Mama, vumilia kidogo," akasema, huku anachezea funguo. "Haya ni maendeleo. Tunawalinda nyinyi."

Tunalindwa! Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wateja wakaanza kurudisha nguo zina makunyanzi, na mume wangu, mtu asiyejua kugombana, akaitoa pasi ya mkaa uvunguni. Nikapiga kelele, nikalia. Akaniuliza, "Tutakula nini, mke wangu?" Kikohozi kikarudi.

Juzi asubuhi Hewa Safi akaja mbio na suti. Alikuwa anakwenda kuhutubia mkutano wa mazingira. Akayaona makaa.

"Ala! Suti yangu kwa mkaa? Si itanuka moshi?"

Mume wangu akataka kuomba radhi, kikohozi kikamkaba. Nikajibu mimi.

"Pasi ya umeme hii hapa, baba. Chomoa gari, tukupigie sasa hivi."

Akatazama saa. Akageuka, akalitazama gari lake.

"Basi, pigeni hiyo hiyo ya mkaa," akasema, akatoka kusubiri nje, kitambaa puani.

Ndani, mume wangu akainama kupuliza makaa.