Dada Asiyepaswa Kuinama

Kila dada yangu alipopiga magoti na kuinamisha kichwa kumsalimu mama mkwe wake, jicho lake la kushoto lilitokeza nje. Akisimama, lilirudi. Mama mkwe akasema dada anamroga kwa jicho hilo, mkamwana huyo arudishwe kwao Kasoli.

Miaka hiyo wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa, nami niliwanunulia pamba vijijini. Sikuamini mzani bila kupima mara mbili. Nikamwinamisha dada mara mbili, kisha nikampeleka hospitali Mwanza. Daktari akaeleza kwamba mishipa ya damu nyuma ya jicho imetanuka, na mfupa unaolizunguka una kasoro. Akiinama, damu inajaa. Asiiname ovyo.

Tukarudi kwa mama mkwe.

“Mayu,” nikamwita, yaani mama kwa Kisukuma, “hakurogi, ni ugonjwa. Akusalimu amesimama.”

“Asimame mbele yangu? Mimi mti?”

“Basi akae kwenye kigoda.”

“Kigoda ni changu.”

“Kwenye mkeka, kichwa juu.”

Akafikiri. “Kichwa juu, lakini macho yatazame chini.”

Nikakubali haraka kabla hajaongeza sharti. Dada akaketi, akasalimu. Mama mkwe akainama yeye, akalichungulia lile jicho lililotulia.

“Linauma?”

“Nikiinama tu, mayu.”

“Basi kuni ataokota mumeo.”