Nondo Asiye na Mdomo

Pa! Kandambili ya Mama ikigonga ukuta. Sauti hiyo bado naisikia.

Tuko dukani Kariakoo, nondo mkubwa kama kiganja ametua juu ya vitenge vilivyotundikwa ukutani. Huenda alipanda gari la ndizi huko milimani Usambara, akashukia kwetu.

"Anakula nguo huyo! Sogea nimmalize!"

Pigo la kwanza lilimkosa. La pili nikalizuia kwa mwili. Mimi, ambaye mbele ya wateja huwa siongei.

"Mama, huyu hali chochote. Hana hata mdomo."

Mteja akacheka. "Dada, kiumbe gani hana mdomo?"

Mama akashika kiuno. "Haya, msomi wa wadudu. Ni wa ukoo gani?"

Kejeli tupu. Hata hivyo nikajibu: Saturniidae. Nikawaonyesha vipapasio kama unyoya, na alama za macho kwenye mbawa. Ukoo huu hula majani ukiwa viwavi. Ukishaota mbawa, basi. Nikamulika kwa simu. Penye mdomo, manyoya tu.

Mama akavaa miwani, akainama, akatazama weee.

Kisha akaivaa kandambili yake.

"Mama Neema!" akamwita jirani. "Njoo uone! Binti yangu anajua wadudu mpaka ukoo wao!"

Jamani, mama zenu wamewahi kuwatangaza hivyo? Nilikaribia kulia.

Asubuhi nilikuwa nimeandika ujumbe wa kukataa nafasi ya uzamili wa elimu ya wadudu, ili nibaki kumsaidia dukani.

Nimeufuta. Wa kukubali nimeshautuma, nikiwa nimekaa juu ya robota la vitenge.