Bwana Dakika na Vali Iliyochoka

Shemeji yangu hajawahi kumaliza chai akiwa amekaa. Alimposa mdogo wangu siku ya Jumatatu, Ijumaa akarudi kuuliza mbona hajajibiwa. Mtoto wao wa kwanza alipozaliwa, alimlaumu mkunga kwa uzembe. Watu wa namna hii hufaa kutumwa huku na kule mpaka wachoke walale. Huyu akapewa mtambo wa umeme.

Nisimwonee. Hakupewa kituo kizima, alipewa zamu. Ni kiongozi wa zamu katika kituo cha kufua umeme kwa mvuke, ndiye anayekaa chumba cha kuongozea mitambo na kuamua mvuke uingie lini na kwa kasi gani. Kazini wanamwita Bwana Dakika. Mimi wananiita Mama Nyufa, kwa sababu kazi yangu ni kukagua vyuma vya kituo hicho hicho na kutafuta palipopasuka. Ajira yake niliitafuta mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, na hilo sijamsamehe.

Kituo chetu kilijengwa kiwashwe mara moja kiungurume miezi. Siku hizi kinazimwa umeme usipohitajika na kuwashwa ukihitajika, mara mbili au tatu kwa wiki. Kitabu cha waliotengeneza mtambo kinasema ukiwa baridi upashwe moto polepole kwa saa nne. Bwana Dakika alianza kwa kuuwasha kwa saa tatu. Hakuna kilicholipuka. Akashuka hadi saa mbili, kisha saa moja, mwisho dakika hamsini na mbili. Meneja wetu hajui vali wala bomba, lakini saa anaijua, akampa cheti chenye mhuri wa rangi ya dhahabu: Mfanyakazi Mwepesi wa Mwaka. Kilitiwa fremu na kutundikwa sebuleni kwao, juu ya televisheni. Picha ya harusi ilihamishiwa ukumbini karibu na mlango wa choo.

Nyumbani kwao kuna gilasi nene, nzito, za kukaribishia wageni. Bwana Dakika amepasua saba kwa kumimina chai inayochemka ndani ya gilasi baridi.

"Gilasi za siku hizi hazina maana," alisema siku alipopasua ya saba.

"Mbona zile nyembamba hazipasuki?" mdogo wangu akamwuliza huku akifuta meza. "Hizi nene ndizo zinazotaka kupashwa kwanza na maji ya uvuguvugu. Ila wewe na subira hamjawahi kujuana."

Mdogo wangu ni mshonaji. Hajasomea chuma hata siku moja, na kwa maneno hayo alikuwa amesema yote ninayoyaandika kila mwaka katika ripoti ya kurasa kumi ambayo meneja huiwekea kikombe juu. Vali kuu ya mvuke, lile lango la chuma linaloruhusu mvuke kuingia mtamboni, ina ukuta mnene kuliko upana wa kiganja changu. Mvuke ukiingia ghafla, chuma cha ndani kinashika moto na kutaka kutanuka, cha nje bado baridi, hakina habari. Vinavutana. Ukizima kwa haraka, vinavutana tena kwa upande wa pili. Mara moja si kitu. Mara mia sita, chuma kinachoka, na kikichoka kinapasuka kuanzia ndani, kwenye kona, mahali ambapo macho ya wakubwa hayafiki.

Mwaka jana mtambo ulizimwa wiki nzima kwa usafi, nikafungua vali hiyo. Nilipuliza rangi nyekundu ndani, nikasubiri, nikaifuta, nikapuliza unga mweupe. Penye ufa, rangi iliyojificha hutoka na kuchora mstari kwenye unga. Mstari ulichorwa nikiwa nautazama: mrefu kama kalamu, na mingine mitatu midogo pembeni yake. Nilipopima kina, ufa ulikuwa umeshakula zaidi ya nusu ya ukuta.

Nilikwenda kwa meneja na picha mkononi. Nikamwambia vali mpya ipo stoo, tunahitaji siku tano kuibadilisha, na kabla ya hapo mtambo usiwashwe.

"Kwa nje huo ufa unaonekana?" akauliza.

"Hauonekani."

"Basi wageni nao hawatauona."

Wageni walikuwa wakubwa kutoka makao makuu, waliokuwa wanakuja Alhamisi kumwona Bwana Dakika akiwasha mtambo kwa dakika arobaini. Meneja alisema vali itabadilishwa wakishaondoka. Nilikataa kutia saini kwenye fomu ya kuruhusu mtambo uwashwe, akatia yeye, mahali pangu, kwa kalamu yangu. Kisha akaagiza vali ifungwe na kupakwa rangi ya fedha ili ipendeze.

Kabla haijafungwa nilimwita shemeji. Nilimwingiza mkono ndani ya vali mpaka begani.

"Pitisha ukucha hapo kwenye kona."

Akapitisha. Ukucha ukanasa. Akaupitisha tena, safari hii polepole, jambo ambalo kwake ni kama likizo.

"Umeukuta hivi?" akauliza.

"Umeutengeneza wewe. Katoe kile kijitabu chako cha rekodi, kila mstari uliojisifia umo humu. Alhamisi washa kwa saa nne, shemeji. Ukiwasha kwa haraka, hii itapasuka, na mvuke huo haumbabui mtu, unamkata."

"Watu wanatoka makao makuu. Nitawaambia nini?"

"Waambie chuma kimechoka."

"Chuma kinachokaje? Kimefanya nini?"

Akafuta mkono wake kwa suruali, akasema vali haijawahi kupasuka. Hata gilasi yake ya kwanza ilikuwa haijawahi, kabla hajaimiminia chai.

Ndipo nikamwambia kwamba siku hiyo mafundi wote nitawatoa nje ya jengo, na karibu na vali nitakaa mimi. Alicheka. Kwa miaka kumi na miwili amekuwa akitania kwamba ataniondoa duniani aishi kwa amani, na huenda alidhani nami natania.

Alhamisi niliweka kiti cha plastiki hatua mbili kutoka kwenye vali, nikakaa, mkoba mapajani. Vali ilikuwa inang'aa kwa rangi mpya. Kule juu kwenye chumba cha kuongozea wageni walikuwa wamejipanga nyuma ya kioo. Simu ya ukutani ikalia.

"Shemeji, nakuona kwenye kamera. Toka hapo."

"Nipo kazini. Nakagua."

"Unakagua nini na umekaa?"

"Nakagua shemeji yangu."

Nikasikia meneja nyuma yake akiwatangazia wageni kwamba saa imeanza kuhesabu. Shemeji alikuwa bado ameshika simu, anapumua. Akakata.

Niliogopa. Naandika hivyo hivyo, maana watu kazini wanapenda kusimulia kwamba Mama Nyufa alikaa pale anafuma sweta. Nilikuwa najua kwamba hata kuwasha polepole hakuniahidi chochote. Ufa ulikuwa palepale, na presha ingepanda tu, kwa haraka au kwa taratibu. Mkoba uliniteleza mapajani ukaanguka, na niliuacha chini. Mvuke ulianza kunong'ona kwenye mabomba. Rangi ya fedha ikaanza kunuka.

Kwenye ukuta wa mbele yangu kuna kipimo cha joto la vali. Nilikitazama kama mwenye mgonjwa hospitali. Zamu za Bwana Dakika nazijua: baada ya dakika kumi na tano mshale huwa umevuka nyuzi mia tatu. Zikapita kumi na tano, ulikuwa haujafika hata themanini. Zikapita arobaini, ulikuwa mia na kumi. Nikalia, peke yangu, kwenye kiti cha plastiki, kwa sababu ya mtu ambaye nimemsema vibaya kila wiki tangu alipooa kwetu.

Baada ya saa moja wageni walihamia kwenye vitafunio. Baada ya saa mbili walikuwa wamevimaliza, wakaondoka. Mtambo uliingia kazini baada ya saa nne na dakika kumi, na kufikia hapo rangi ya meneja ilikuwa imebambuka yote na kulala sakafuni.

Shemeji alishuka ngazi shati limelowa jasho. Akasimama mbele yangu.

"Umeniharibia rekodi," akasema.

Akanishika mikono yote miwili, akaniinua taratibu.

Wiki iliyofuata, wageni wakiwa hawapo tena, siku tano zilipatikana na vali ikabadilishwa. Ile ya zamani tuliikata kwa msumeno tukapima. Chuma kizima kilichobaki nyuma ya ufa kilikuwa chembamba kuliko kidole changu cha mwisho. Meneja alichukua kipande chake akakiweka mezani kwake, kinazuia karatasi zisipeperuke, na katika ripoti yake akaandika kwamba hatari iligunduliwa kwa umakini wa uongozi. Bwana Dakika aliandikiwa barua ya onyo kali kwa kuchelewesha mtambo zaidi ya saa tatu bila sababu ya msingi. Siku hizi wanamwita Bwana Saa, na haitiki.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwao. Mdogo wangu alikuwa jikoni. Picha ya harusi bado ipo karibu na choo, hapo hakuna maendeleo. Lakini juu ya televisheni, katika fremu ile ile, nilikuta barua ya onyo, imenyooshwa vizuri, mhuri wa meneja unaonekana wote. Nilipomtazama shemeji, aligeuka akajifanya anatafuta rimoti.

Alipotoka kwenda kuchukua gilasi, niliishusha fremu nikaifungua kwa nyuma. Kuangalia ndani ndiyo kazi yangu. Cheti chake cha wepesi kilikuwa mle mle, nyuma ya barua, hakijakunjwa hata kona. Nikaifunga, nikairudisha ukutani. Kutoka jikoni nilimsikia akimwuliza mkewe maji ya uvuguvugu yako wapi, na kwa nini yanachelewa.