Uso ya Mukwe Yangu ku Afishi

Nitasema mbele, ili musinitafutie maneno: mi niko na wivu. Na haikuanza na afishi. Ilianza siku mujukuu yangu alizaliwa. Mutoto yangu mwanaume alikuwa ameniahidi kama binti ya kwanza atabeba jina yangu. Halafu akaogopa bakwe yake, akamupatia binti jina ya mukwe yangu, nkambo mwingine, ule wa mutaa ya Golf, mama ya muke yake. Kwetu, mwenye unabeba jina yake njo wewe mwenyewe. Bao babili banaitana "majina", banakula ku sahani moja, mukubwa na mudogo. Basi tangu siku ile mujukuu yangu iko yangu nusu.

Majina ya bantu bote ba habari hii niko nayo mu kichwa, pamoja na ya batata yabo na ya bamama yabo. Hapa siandike ata moja. Bangali bazima, na bako na midomo.

Mujukuu huyu sasa ni mwanamuke mukubwa, na kazi yake ni kutengeneza maafishi, zile karatasi kubwa za picha zenye banabandika ku kuta. Anakaa mbele ya ordinatere, ile kompyuta yake, anachukua uso ya muntu, anaongeza giza huku, anapunguza mwanga kule. Bijana ba hapa Lubumbashi benye banatengeneza filimu balimupa kazi ya afishi ya filimu ya kuogopesha. Habari ya ile filimu ni hii: ku ukuta ya nyumba moja kuko foto ya bibi-arusi wa zamani, anaangalia pembeni. Kila mara muntu anakufa mu ile nyumba, bibi-arusi anageuza kichwa kidogo. Siku atakuangalia mu macho, ni zamu yako.

Mi nikamuuliza, "Sasa juu ya nini habaondoe ile foto ku ukuta?"

Akacheka. "Nkambo, bakiiondoa, filimu inaisha."

Alitaka afishi ikuwe sawa foto ya studio ya zamani zetu. Njo maana alikuja kwangu, mutaa ya Kamalondo. Furaha yenye nilipata siku ile, siwezi kuisema. Nikavuta sanduku ya bati chini ya kitanda, nikamupangia mafoto pa mukeka, nikaanza: huyu ni fulani, aliolewa na fulani, balihamia Kilwa, huyu alikufa na mimba. Kila muntu na jina yake. Hakusikiliza ata jina moja. Alikuwa anaangalia karatasi.

"Nkambo, ona hii kunjo! Ona hii doa ya maji, iko muzuri vile!"

Ile kunjo inapita juu ya kifua yangu, ku foto ya ndoa yangu. Doa ni ya mvua yenye iliingia mu nyumba mwaka bwana yangu alifariki. Yeye akapiga kunjo foto na telefone yake, akapiga doa, akapiga bile bipande bya pembeni byenye biko sawa meno ya musumeno, akapiga ata nyusi zangu zenye mupiga foto alizichora na kalamu ya risasi. Nikamueleza: nyuma yetu ni pazia ya kuchora, na ngazi na bustani yenye hakuna muntu kati yetu alikuwa nayo. Ile radio pa meza ilikuwa haiimbe. Saa, unaisukuma juu ku mukono ili ionekane.

"Na juu ya nini hamukukuwa munacheka?"

"Mupiga foto alikuwa anasema: ukitikisika, utatoka na macho ine. Tulikuwa tunazuia pumzi."

Akasema polepole, "Njo hiyo inaogopesha, nkambo. Bantu benye habapumue."

Alipoenda, mi nilishajua: atanipiga foto mi. Nani mwingine? Nikafua nguo yangu nyeupe, nikaipiga pasi ya makala, nikamuita jirani anisuke nywele. Jirani akasuka huku anaguna.

"Mama, uso ya mukongwe ku afishi ya mashetani? Kesho batakuita mulozi. Batoto batakurushia majiwe."

"Barushe," nikamujibu. "Batakuwa bameniona."

Na nilikuwa nasema kweli. Nilitaka uso yangu ikae ku kazi ya mukono ya ule binti, muji yote ipite, ijue ni nkambo yake. Jina nilishanyimwa. Uso, je?

Siku ya posho, ni kusema Jumamosi, alikuja, akanikuta nimekaa pa kiti mu lupango, ule uwanja wa nyumba, nguo nyeupe, nywele mupya.

"Eh, nkambo! Unaenda ku ndoa ya nani?"

Mbele ya kumujibu, akanipa telefone. Mukwe yangu wa Golf alikuwa mule, amevaa nyeupe, maua pa magoti, anaangalia pembeni. Uso yake ni nyembamba, mashavu iliingia ndani, macho iko mbali sawa maji ya kisima. Nitasema kweli ata kama inauma: alikuwa muzuri. Uzuri ya kufanya muntu arudi nyuma. Na juu ya kifua yake, kutoka bega mupaka mukono, ilipita kunjo ya foto yangu. Doa yangu ya mvua ilikuwa pa kichwa yake, sawa taji.

"Na mi?" nikauliza.

"We, nkambo, uso yako inaita bantu ku meza. Ukitoka mu foto, batakuuliza sahani ya bukari iko wapi."

"Mi nikikasirika, ata imbwa ya jirani inaingia ndani."

"Basi kasirika, nione."

Nikakaza macho, nikafinya midomo, nikavuta nyusi. Alicheka mupaka akashika ukuta. Jirani naye, juu ya ukuta ya lupango, alicheka. Nikaingia mu nyumba, nikavua nguo nyeupe, nikakaa na sufuria yangu ya majani ya sombe ku moto.

Siku chache nyuma ya pale, alitoa afishi ya kwanza, kubwa sawa mulango. Benye filimu balikuwa habajachagua jina yake, basi hakukuwa maandiko: mukongwe tu, mu nyeupe, rangi ya kahawa na mweusi, na kadre ya maua kumuzunguka. Akaipeleka Golf kumuonyesha majina yake. Mukwe hakukuwa, alienda ku magazini yake ya kuuzisha bitambaa, kati ya muji. Mujukuu akatundika afishi inje, ku mulango kubwa ya lupango, aione kutoka ngambo ya barabara, sababu afishi ni kintu ya kuangalia kwa mbali. Halafu akaingia ndani kula, akalala na chakula mu tumbo.

Sasa hapa kwetu, foto ya mukongwe, na maua, ku mulango ya inje, hakuna muntu anauliza: ni kilio. Mama moja wa kanisa ya mukwe akanipigia telefone. Alikuwa analia, sikusikia kintu ingine: "Mukwe yako ametuacha."

Nilipofika, matawi mabichi ilikuwa imeshapangwa kando ya barabara. Biti bya plastiki, mikeka. Bamama ba kanisa na kitenge yabo ya namna moja, banaimba. Bamama ba soko benye alikuwa anabakopesha bitambaa, bilemba chini, banajipiga bifua. Batata bamesimama na kofia mu mikono. Nilisimama, nikaangalia ile yote, na kintu ya kwanza yenye iliingia mu roho yangu haikuwa huzuni. Nilijiuliza: mi, nani atanililia hivi?

Lakini mukwe akifika ku kilio, bantu bote banageuka kumusikiliza. Nikajitupa chini.

"Mukwe yangu ee! Mukono wazi! Mwenye hakunifungia mulango! Mwenye alinilelea mutoto yangu sawa wake! Leo nitagombana na nani mimi?"

Nilikuwa mbali mu maneno yale wakati gari ilisimama. Mukwe akashuka na mifuko yake.

"Nani alikufa kwangu?"

Bamoja balikimbia. Mama moja aliingia chini ya kiti, akabaki mule. Mukwe akaangalia bantu, akaangalia mulango, akajiona mu nyeupe. Mwisho akaniona mi, mu vumbi, kilemba imetoka.

"Mukwe," akasema, "usiache. Ulikuwa unasema vizuri."

Barabara yote ilicheka. Mi nilikuwa natafuta kilemba yangu.

Ile jioni bana yake balikaa naye. Halafu akamuita mujukuu: "Majina, iondoe. Uso yenye bantu bameshaililia, haiwezi kwenda ku ukuta ya sinema." Binti akalia, lakini akaikunja.

Asubuhi alikuwa kwangu.

"Nkambo, nisaidie. Benye filimu bananingojea."

"Mi naita bantu ku meza."

"Nkambo, tafazali."

Nilimuacha anibembeleze kidogo, halafu nikavaa. Akatundika shuka nyuma yangu, akaniambia niangalie pembeni. Safari hii sikujaribu kukasirika. Nilizuia pumzi, nikafikiri ile barabara ya Golf. Bamama mu kitenge moja. Wimbo. Nikaiweka hapa, mu lupango yangu, siku ya kilio yangu mi, na lupango ilikuwa haijae. Nikatafuta ule binti kati ya benye banalia, nikaona analia nusu. Kamera ilikuwa inapiga, inapiga. Halafu ikanyamaza. Binti aliishusha, akaniangalia na macho tu.

"Nkambo... unafikiri nini?"

"Bure, hakuna kintu."

"Usiache," akasema polepole, akapandisha kamera.

Sasa uso yangu iko ku kuta za muji. Jirani anasema akifika pale anapita haraka, mutoto yake anajificha mu kikwembe. Hakuna muntu alinirushia jiwe. Mukwe naye alikuja, akasimama mbele ya afishi muda murefu, mukoba ku mukono.

"Mukwe, hapa ulikuwa unaangalia nani?"

"Mupiga foto."

"Mm," akasema, akaenda.

Siku filimu ilionyeshwa, mujukuu alinivuta karibu na afishi anipige foto na telefone. Alipoinyanyua kuifungua, nikaona ndani ya kioo yake, nyuma ya namba za saa: majina yake wa Golf, mu nyeupe, na maua pa magoti. Aliikunja ile kubwa, lakini hii anatembea nayo.

"Nkambo, hii ni yetu ya nyumba, si ya filimu," akasema. "Cheka kidogo."

Nilijaribu. Mungu anajua nilijaribu.