Mwalimu wa Mume Wangu

Siku ya mahari, kwetu, bibi arusi hasemi. Anakaa na kitambaa kichwani, wajomba ndio wanaosema. Lakini mjomba wangu, anayeendesha vikao vya familia kwa Kifaransa kama vile tuko ofisini, aliuliza, "Huyu kijana hajui Kifaransa. Ataongea na siye namna gani?" Nikafungua kinywa mbele ya wazee wote: "Nitamufundisha." Shangazi alinifinya paja. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Bunia, nikaona ni jambo dogo.

Basi kila jioni, miaka minne, tulikaa nyumbani kwetu, mtaa wa Lumumba, tukitazama filamu za Kifaransa zenye maandishi chini. Mume wangu ni fundi wa pikipiki, alikimbia vita huko Iga Barrière. Neno likimshinda, ananigonga na kiwiko: "Mama ya batoto, hii mot iko na maana gani?" Kiwiko kile nilikipenda kuliko filamu yenyewe.

Halafu akaweka kwenye simu programu ya akili bandia. Filamu inachezwa humo humo; unagusa neno kwenye maandishi, inakueleza kwa Kiswahili, kwa sauti ya mwanamke. Sauti laini, isiyochoka, isiyo na sufuria motoni. Kiwiko kikatulia. Nisiseme uongo, nilimwonea yule mwanamke wivu kama mke mwenza.

Jioni moja mume wangu alikwenda kuoga, nikaishika simu. Alikuwa ameliacha neno soulagement, na maelezo yake: "hali ya kupungua kwa dhiki." Dhiki gani? Nani hapa Bunia anaongea hivyo? Chini kulikuwa na nafasi ya kuandika kama maelezo hayafai. Nikaandika kwa hasira: Wewe hujui kitu. Mwambie hivi: siku ile uliyongoja kando ya barabara, malori manne yakapita, la tano likasimama, mama yako akashuka mzima, ukakaa chini kwenye vumbi ukashindwa kuinuka. Hiyo ndiyo soulagement.

Sikuishia hapo. Kila alipokwenda kuoga nilisahihisha neno lingine, kila moja kwa jambo la maisha yake, ili mashine ione haya.

Mashine haioni haya. Inajifunza. Maelezo yakaanza kuja na plagi za pikipiki zilizoloa, na mama yake, na matope ya mtaa wa Rwambuzi. "Sasa inaeleza muzuri," mume wangu akaniambia, amefurahi kweli. "Ni kama inanijua. Weye pumuzika tu." Ningemwambia ukweli, lakini ningelazimika kukiri pia kwamba nilikuwa nikimpekulia simu. Nikapumzika kwa uchungu.

Jumapili moja mjomba alikuja kula kwetu, pamoja na shangazi na wazee wengine. Mume wangu akamkaribisha kwa Kifaransa, akamuuliza afya na safari, akamweleza hata sababu ya injini kuzimika njiani. Mjomba akaweka kijiko chini.

"Mwalimu wako ni nani?" akauliza, huku akinitazama mimi, pongezi ziko mdomoni.

Mume wangu akatoa simu mfukoni, akaiweka katikati ya meza, karibu na bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo. "Ni huyu, muzee."

Wakacheka wote, wakaipitisha mkono kwa mkono. Mimi nikaangalia sahani yangu, nikanyamaza, kama nilivyotakiwa kunyamaza siku ya mahari.