Hodi ya Dokta Kupe

Maabara nzima inamwita Dokta Kupe. Anachunguza virusi vya kupe na mbu vinavyoingia hadi kwenye ubongo, halafu yeye mwenyewe akishaganda kwenye darubini habanduki. Mimi ni fundi wa mitambo, natengeneza kila kinachokoroma humu ndani, kwa hiyo namwona kwa karibu. Vidole vyake havitetemeki hata akiwa na njaa. Kibano anakishika kama mama anayemtoa mtoto mwiba. Na kila anapoinamia kisahani chenye seli za ubongo, hunong'ona, "Hodi," kisha hungoja kidogo. Siku moja nikamtania, "Dokta, hao nao watakukaribisha?" Hakucheka. "Virusi viliingia humo bila hodi, fundi. Angalau mimi niwe na adabu."

Juzi asubuhi alinikuta nakaza skrubu za jokofu, akanivuta mkono. Seli zikiwasiliana humetameta kwenye skrini ya darubini. Hizi, alizozipa virusi vya kupe kisha dawa anayoijaribu, zilikuwa giza tupu. "Nilitaka kuzitupa," alisema, "nikaona aibu kuondoka bila kupiga hodi mara ya mwisho." Akainama. "Hodi." Tukangoja, mimi na bisibisi yangu, kama watu waliosimama mlangoni kwa wenyewe. Pembeni kabisa seli moja ikawaka, ikazima. Jirani yake akawaka. Kisha mwingine, na mwingine, mpaka skrini ikawa kama mji uliorudishiwa umeme. Vile vidole vikanishika kiwiko, vinatetemeka.

"Fundi," alisema, "tumekaribishwa."